Pembe ya Jubilii na Debe la Mafuta

Hotuba ya walimu wa kwaya ya watoto katika ibada ya jubilii ya miaka 50 ya kwaya yetu

 

Tumepewa dakika kumi na tano, na katibu wa kwaya ametukumbusha kwamba walimu wa watoto hawajui kutazama saa. Tutajitahidi.

Mmesikia watoto wakitufungulia sherehe kwa pembe. Wako waliocheka ilipokwama mara ya kwanza, na hatuwalaumu, kwa maana hata sisi tulicheka siku ile tulipoijaribu. Lakini hatukuiweka pale kama pambo. Neno hili jubilii, ambalo Biblia yetu inaliita yubile, limetokana na neno la Kiebrania lenye maana ya kondoo dume, au pembe yake. Ukisoma Mambo ya Walawi sura ya 25 utaona Waisraeli wakiagizwa kuhesabu miaka saba mara saba, yaani 49, kisha katika mwaka wa 50 baragumu ilie nchi nzima Siku ya Upatanisho. Ikishalia, shamba lirudi kwa mwenyewe, mtumwa aachiliwe, na kila mtu arudi kwa jamaa yake. Kwa hiyo jubilii ilianza kuwa sauti kabla haijawa keki na fulana za sherehe. Ni sauti ya kuwaita watu warudi nyumbani. Jambo hilo la kurudi tutalirudia mwishoni.

Wengi wenu mnajua kwamba kwaya ya watoto hufuata kalenda yake. Tangu zamani tumewafundisha watoto wa miaka minne hadi tisa muziki, kucheza na kupiga ala kwa kupitia sikukuu za Wayahudi zinazotajwa katika Biblia. Tumeulizwa mara nyingi, na mzee mmoja aliwahi kutuuliza mbele ya kikao kizima, "Sasa mnataka kutugeuza Wayahudi?" Swali lile lilikuwa zuri. Tulimjibu kwamba Yesu alipokuwa na umri wa watoto wetu sikukuu alizozijua ni hizi. Luka anatuambia kwamba akiwa na miaka kumi na miwili alikwenda Yerusalemu na wazazi wake kwa ajili ya Pasaka. Yohana sura ya 10 inamwonyesha hekaluni wakati wa sikukuu ya Kutabaruku, ikiwa ni majira ya baridi. Mtoto asiyejua sikukuu hizi husoma Injili kama mtu anayetazama harusi kupitia ufa wa mlango.

Tena iko sababu ya pili, nayo ni ya kiufundi. Sikukuu hizi zimejaa mambo ambayo mwalimu wa muziki huyatafuta kila siku. Turuhusuni tuwaonyeshe.

Tunaanza na Purimu, ambayo huangukia Februari mwishoni au Machi. Wayahudi husoma kitabu chote cha Esta kwa sauti, na kila jina la Hamani linapotajwa, watoto hupiga kelele na kuzungusha njuga ili jina hilo lisisikike. Mwalimu wa muziki akisikia hivyo anafurahi, kwa sababu kazi ngumu kuliko zote kwa mtoto mwenye kayamba mkononi ni kunyamaza. Kupiga hakuna asiyejua. Lakini kupiga panapotakiwa, kisha kukata mara moja na kusikiliza neno linalofuata, hapo ndipo muziki unapoanzia. Tunasoma hadithi, Hamani akitajwa kayamba zinalia mapigo manne, kisha kimya. Anayezidisha pigo la tano anakaa chini mzunguko mmoja. Kufikia wiki ya tatu mtoto wa miaka mitano anajua kuhesabu kimya kama anavyohesabu sauti.

Pasaka ni sikukuu ya swali. Kutoka sura ya 12 inasema watoto watauliza maana ya ibada hii, na katika nyumba za Wayahudi hadi leo mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeimba maswali, na wakubwa ndio wanaojibu. Sisi tunaimba kwa mtindo wetu wa kupokezana, lakini tumeugeuza: anayeongoza ni mtoto mdogo kabisa, na wanaoitikia ni wakubwa. Ni hapo utamsikia mtoto ambaye mwaka mzima hajafungua kinywa. Tukieleza juu ya mkate usiotiwa chachu, hawakosi kupaza sauti, "Teacher, hiyo ni chapati!" Tunawaambia imekaribia, lakini ule wa Pasaka hauwekwi mafuta, na toka unga uguswe na maji hadi mkate uive hazipiti dakika 18. Na mboga chungu wanaielewa bila maelezo. Kila aliyekula managu kwa shosho anaijua.

Baada ya Pasaka tunahesabu majuma saba hadi Sikukuu ya Majuma, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Pentekoste, maana yake ya hamsini. Hapo tunafundisha kupiga makofi kwa mafungu ya saba. Masikio ya watoto wetu yamezoea mafungu ya nne na ya tatu, na saba inawachanganya miguu. Tunaigawa: mbili, mbili na tatu. Kwanza makofi, kisha miguu, kisha mwili mzima, na ala ndiyo inakuja mwisho. Huo ndio utaratibu wetu kwa kila wimbo. Mtoto ambaye mapigo hayajaingia miguuni, ukimpa ngoma unampa kelele. Swali lao la kila mwaka ni hili: mbona wanashukuru kwa mavuno mwezi wa Mei, na huku kwetu mahindi bado yako magotini? Basi tunapata nafasi ya kuzungumza juu ya shayiri na ngano, juu ya Ruthu aliyeokota masazo, na watoto wa kutoka Njoro na Mau Narok wanawaeleza wenzao ngano inavyokaa shambani.

Septemba au Oktoba inakuja sikukuu ya kupiga baragumu. Pembe ya Wayahudi haina nyimbo, ina milio: mmoja mrefu usiokatika, mitatu iliyovunjika kama mtu anayeugua, na tisa mifupi kama kilio cha kwikwi. Mrefu, mitatu, tisa. Hilo ni somo zima la urefu wa sauti, na mtoto halisahau. Mwaka mmoja kijana wetu alileta pembe ya ng'ombe kutoka kwa babu yake, imeng'arishwa vizuri sana. Tulimwambia Wayahudi hawatumii ya ng'ombe, kwa sababu inakumbusha ndama wa dhahabu. Hutumia ya kondoo dume, na wengine, kama wale wa Yemeni, ya tandala. Akatuuliza, "Na coro ya Wakikuyu je?" Tukawaalika wazee waje na pembe zao na ala zao: coro ya Kikuyu, oporo ya Wajaluo, na Mkalenjini mmoja akaja na chepkong'o yake ya nyuzi. Jumamosi ile darasa halikuisha saa sita kama kawaida.

Desemba inakuja Kutabaruku, sikukuu ya taa, siku nane, kila siku taa moja inaongezwa. Tunaifanya kwa sauti: siku ya kwanza anaimba mtoto mmoja, ya pili wawili, hadi wanane. Watoto wanajifunza kwamba sauti hukua kwa watu kuongezeka, si kwa mtu mmoja kupiga mayowe. Wakubwa wa tena na besi, mtusikie hapo.

Katika yote haya tumejiwekea mpaka. Hatuwavalishi watoto mavazi ya ibada ya Wayahudi, wala hatuigizi sala zao. Sikukuu hizi si za watu waliokufa zamani katika vitabu. Ni mali ya watu walio hai, na wengine ni majirani zetu. Sinagogi ya Nairobi iko University Way, na wengi wenu mmeipita mkienda chuo kikuu. Kule Kasuku, karibu na Ol Kalou, iko jamii ndogo ya Wakenya wenzetu wanaoishika Sabato na sikukuu hizi. Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanzia kwa Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao walisali kwa siri, na utawala wake ulipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamebaki wachache. Vijana wao wakaijenga upya jamii, na chombo kimoja walichotumia ni nyimbo, za Kiebrania na za Kiluganda, wakiimba zaburi kwa mahadhi ya kwao. Mwaka 2003 nyimbo hizo zilitolewa kwenye santuri huko Marekani. Tukiwaambia watoto kwamba kwaya inaweza kuokoa jamii nzima isipotee, tunawatajia Mbale.

Na hata bonde letu hili lina historia yake. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiuawa huko Urusi wapewe makao Uasin Gishu, bila ya kuwauliza wenyeji wa Uasin Gishu. Mwaka 1905 mkutano wa Wayahudi wenyewe ukalikataa pendekezo hilo. Na mwaka 1938 aliletwa Kenya msichana mdogo, Stefanie Zweig, ambaye wazazi wake walimkimbia Hitler. Alipokuwa mtu mzima aliandika riwaya iliyotokana na maisha yake, na filamu yake ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Riwaya hiyo inaanzia Rongai, hapo jirani, na msichana wake anapelekwa shule ya bweni hapa Nakuru. Kwa hiyo watoto wetu wanajua kwamba mtoto mkimbizi amewahi kulitazama ziwa lilelile wanaloliona wao.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa tulilotaka kulisema leo. Halikuwahi kusemwa hapa mbele, ingawa wengi wenu mnalijua.

Machi mwaka 2008 tulifanya Purimu. Mnakumbuka Januari ilivyokuwa. Mnakumbuka moshi, na kafyu, na maelfu ya watu kwenye Uwanja wa Maonyesho. Mkataba wa amani ulitiwa saini Februari 28, na sisi tukafikiri kwamba watoto wanahitaji kurudi kwenye michezo yao kama kawaida. Tukafungua kitabu cha Esta. Tulipofika kwenye jina la Hamani, kabla kayamba hazijalia, mtoto mmoja wa miaka saba akataja kwa sauti kubwa jina la kabila. Na wenzake wakapiga kayamba. Mapigo manne, kisha kimya, kama tulivyowafundisha. Hawakukosea hata pigo moja.

Katika mstari wa pili walikuwa wameketi ndugu wawili wa kabila hilo. Walitazama chini.

Tuseme ukweli mbele za Mungu na mbele yenu: hatukujua la kufanya. Tulifunga kitabu, tukaomba sala fupi, tukawaruhusu watoto waende. Hatukwenda nyumbani kwa wale ndugu wawili siku ile, wala wiki ile. Tulipokwenda, nyumba ilikuwa imefungwa na jirani akatuambia wamehama. Mama yao alikuwa alto katika kwaya hii. Hatukuwaona tena.

Hatukumlaumu yule mtoto wa miaka saba. Maneno yale hakuyatunga yeye, aliyasikia mezani kwao. Sisi tulimpa chombo na mapigo. Tangu siku hiyo tunajua kwamba mapigo hayachagui. Ngoma inaitikia neno lolote utakaloliweka mbele yake. Kwa miaka mitatu hatukufanya Purimu. Tulipoirudisha tulibadilisha jambo moja. Kabla ya kugusa kayamba tunawasomea watoto sura ya tatu, pale Hamani alipochukizwa na mtu mmoja, Mordekai, akaona haitoshi kumwadhibu yeye peke yake, akataka kuangamiza watu wake wote. Kisha tunawauliza: kosa la Hamani ni nini? Wanajibu wenyewe. Kelele yetu ni ya kuikataa tabia hiyo, popote itakapoonekana, hata kama ni kwetu. Asiyeweza kulieleza hilo kwa maneno yake mwenyewe hapewi kayamba.

Oktoba mwaka ule ule tukafika kwenye Sikukuu ya Vibanda. Waisraeli walikaa katika vibanda siku saba wakumbuke safari ya jangwani, na paa lake lilikuwa la matawi. Tukajenga kibanda nyuma ya kanisa kwa fito na matawi, tukatandika turubai pembeni. Watoto wakaingia wakiimba. Msichana mmoja hakuingia. Alisimama nje ameshika nguo ya mwalimu, na tulipomsukuma kidogo, kwa mzaha, akalia kilio ambacho hatujakisahau.

Mama yake alikuja jioni. Walikuwa wametoka kambini wiki chache kabla. Hakutugombeza. Alisema tu, "Walimu wangu, kwenu hema ni mchezo. Kwetu ilikuwa nyumba." Tukamwomba msamaha, na safari hii tulimwomba siku ileile.

Tulimwuliza kama tukivunje kile kibanda. Akafikiri, akasema tusikivunje, tutoe turubai peke yake, tubakize matawi, watoto waone mbingu. Baadaye tulijifunza kwamba hata Wayahudi husimamia jambo hilo: paa la kibanda cha sikukuu liwe na nafasi za kuonea nyota. Jumamosi iliyofuata mama yule alikuja na debe la mafuta ya kupikia, la msaada, tupu, limebonyea upande mmoja. Akatuambia kwamba kambini watoto walikuwa wakipiga madebe jioni, na akina mama wa makabila yote waliokuwa pale wakiimba, ili wadogo wasisikie mambo mengine. Akalipiga mwenyewe. Yale mapigo hatukuwa nayo katika daftari letu. Binti yake akaingia kibandani akayaitikia kwa makofi.

Debe lile liko stoo, na leo mtalisikia. Ndilo linaloanzisha wimbo wa tatu wa watoto. Limepigiliwa msumari mahali pawili, sauti yake si nzuri, na wageni wengine wametushauri tununue ngoma ya maana. Tunashukuru kwa ushauri, na ngoma tutapokea. Debe halitoki.

Ndugu zetu wanakwaya, tulisema tutarudi kwenye neno kurudi. Mmepiga picha nyingi katika kijitabu hiki. Tazameni picha ya kwaya ya mwaka 2007, halafu ile ya 2009. Hesabuni mstari wa alto. Hesabuni besi. Hatukuwafukuza, ni kweli. Lakini wengi wetu hatukuwafuata pia, kama sisi walimu tulivyochelewa kufuata wale ndugu wawili. Tumekuwa tukisema walihama. Wengine walihama mitaa miwili tu. Wako Bahati, wako Rongai, wako hapa mjini, na wanaimba kwingine au wameacha kuimba kabisa.

Walawi sura ya 25 haisemi kwamba mwaka wa 50 watu wakumbukwe. Inasema warudi. Ndiyo maana ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki tuliomba uachwe mtupu. Si kosa la mpiga chapa. Tunaomba kila mwanakwaya aandike hapo jina la mtu mmoja aliyeimba kando yake na ambaye hayupo leo, na kabla mwaka huu wa jubilii haujaisha amwendee, mguu kwa mguu. Usimtumie ujumbe wa simu. Usianze kwa kumwalika mazoezini. Anza kwa kumsalimu na kumwomba msamaha kama una la kuomba. Akirudi, tutamshukuru Mungu. Asiporudi, awe angalau amesikia pembe ikilia mlangoni kwake.

Sisi tumeandika jina letu. Ni la mama mmoja wa alto na wanawe wawili, ambao sasa ni watu wazima. Tumeambiwa walipo. Tutakwenda Jumamosi ijayo, na debe tutalibeba.

  Kwa wale waliotuuliza kama watoto wetu watakuwa wanamuziki, hatujui. Tunachowafundisha ni kuhesabu kimya, kuuliza swali bila ya woga, kuongeza sauti kwa kuongeza watu, na kupisha mwenzao aingie kibandani kwa wakati wake.

Sasa watoto, simameni. Miguu kwanza, kisha makofi. Mwenye debe, tunakungoja.

Bwana asifiwe.